Mbu hawazaliwi nyasini: makazi yanavyopanga idadi ya wadudu na buibui

Masika yakikaribia, tangazo ni lile lile kila mwaka: fyekeni nyasi kuzunguka nyumba, mbu watakwisha. Watu wanatoa mafyekeo, uwanja unabaki peupe, na wiki tatu baadaye mbu ni wale wale, pengine wameongezeka. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema mbu wamezoea dawa, yule anasema wanatoka kwa jirani asiyefyeka, na hakosi wa tatu wa kusema kuna watu wamewaleta makusudi ili wauze dawa.

Jibu halihitaji mchawi. Mbu hawazaliwi nyasini. Mchana hujibanza kwenye nyasi, nyuma ya kabati, uvunguni mwa kitanda, popote penye kivuli na unyevu, lakini kuzaliwa na kukua kwao ni majini. Aliyefyeka nyasi amemnyima mbu kibaraza cha kupumzikia; chumba cha watoto amekiacha wazi.

Tukubaliane kwanza maneno. Mtaani, kila kitu kidogo chenye miguu mingi ni mdudu. Wataalamu wanabana zaidi: mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo. Mbu, nzi, mende, mchwa, nzige na vipepeo wote wamo. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili, hana mabawa wala vipapasio vya kichwani, na ni jamaa wa nge na kupe. Makazi nayo ni zaidi ya mahali mnyama anapoonekana. Yanahesabiwa kwa mambo manne: pa kutagia na kulelea watoto, chakula, joto na unyevu wa kumfaa, na pa kujificha asiliwe. Ni kama jiko la mama lishe: mchele upo, sufuria ipo, mkaa umewaka, lakini maji yakikosekana hakuna wali. Jambo moja kati ya manne likikosekana, idadi haipandi hata kama mengine matatu yamejaa tele.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba kwa wadudu wengi mtoto na mzazi hawaishi nyumba moja. Mbu mzima yuko hewani, mtoto wake yuko majini. Kipepeo yuko kwenye maua, mtoto wake ni kiwavi anayetafuna majani. Kwa hiyo unapowaona wakubwa wamejaa sebuleni, sebule si lazima iwe na kosa lolote. Uliza wamelelewa wapi.

Hesabu ya mayai mia

Mbu jike hutaga kwa mkupuo mmoja mayai kati ya 50 na 200. Tuseme 100. Ili idadi ya mbu ibaki pale pale, inatosha mawili tu kati ya hayo 100 yafike ukubwani, jike mmoja na dume mmoja, wachukue nafasi ya wazazi wao. Wengine 98 wanaliwa, wanakaukiwa na maji, au wanazolewa na mafuriko.

Sasa makazi yakae vizuri kidogo tu, wapone wanne badala ya wawili. Kwa macho huoni tofauti. Wamekufa 96 badala ya 98. Lakini kila kizazi sasa ni mara mbili ya kilichopita, na baada ya vizazi vitano mbu ni mara 32 ya walivyokuwa. Kwenye joto la pwani kizazi kimoja huchukua kama wiki mbili hadi tatu, hivyo vizazi vitano vinaenea ndani ya msimu mmoja wa masika. Ndiyo sababu wadudu huonekana kama wamemwagwa usiku mmoja, wakati hesabu ilianza miezi mitatu nyuma.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini dawa ya kupulizia chumbani inakupa usingizi wa leo bila kukuondolea mbu wa wiki ijayo. Umeua wakubwa, na majini wengine wako njiani.

Kila mbu na anwani yake

Kosa la pili kwa ukubwa ni kudhani mbu wote wanapenda maji machafu. Kwetu kuna makundi matatu ya kuyajua, na yanatofautiana kama wapangaji: mmoja hawezi kukaa alipokaa mwenzake.

Anofelesi, wa malaria, kwa kawaida hutafuta maji yaliyotulia na yasiyonuka. Yule aitwaye gambie anapenda vidimbwi vidogo vya muda vilivyopigwa na jua: alama za matairi, mashimo ya kufyatulia matofali, na nyayo za ng'ombe. Itazame alama ya kwato moja iliyozama kwenye tope. Inabeba maji kiasi cha kikombe cha chai. Jua linayapasha moto, ukijani wa mwani unaota juu ya tope, na huo ndio chakula cha viluwiluwi, yaani watoto wa mbu. Samaki hawezi kufika humo. Watoto wa kereng'ende, ambao ni wala viluwiluwi wakali, wanahitaji muda mrefu zaidi kukua kuliko umri wa kidimbwi chenyewe. Kwa hiyo mtoto wa mbu anapata joto, chakula na usalama kwa pamoja. Ana mbio moja tu, kumaliza kukua kabla maji hayajakauka. Penye joto anaweza kumaliza kwa siku saba hadi kumi.

Hapo pia utaelewa kwa nini mbu hawazidi siku za mvua kubwa. Mvua ya kumwaga huwazoa viluwiluwi na kuwatupa kwenye mchanga. Mbu hujaa mvua zinapoanza kupungua, maji yamebaki na hayatembei. Anofelesi mwingine, funestasi, anataka maji ya kudumu yenye majani yaliyosimama ndani yake, kama kingo za mito na mabwawa, na ndiye anayeendeleza malaria wakati vidimbwi vimekauka. Kwa hiyo ziko nyasi zinazohusika na kuzaliana kwa mbu, ila ni zile zilizo majini. Za uwanjani hazimo.

Kuleksi ni yule anayekuimbia sikioni usiku kucha na ambaye pwani hueneza matende. Huyu ndiye wa maji machafu: vyoo vya shimo vilivyoingiwa na maji, makaro, mitaro iliyoziba. Jike hutaga mayai yaliyoshikana kama chelezo kidogo cheusi kinachoelea.

Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hueneza dengi na chikungunya. (Jina hilo la pili limetoka kwetu: ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, kutokana na mlipuko wa 1952 uwanda wa Makonde.) Anataka vyombo: pipa, ndoo, tairi bovu, kifuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mayai hayatagi juu ya maji, anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Yakikauka hayafi, yanaweza kukaa miezi yakisubiri maji yapande yayafunike. Anayemwaga maji ya pipa na kulijaza tena bila kulisugua amewanywesha watoto waliokuwa wanasubiri.

Kujua nani anaishi kwako, chukua bakuli jeupe. Simama jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisianguke majini, maana viluwiluwi wakiona kivuli wanazama. Inamisha bakuli pembeni mwa dimbwi, maji yaingie taratibu, kisha subiri dakika moja au mbili. Watapanda juu kupumua. Anayelala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kilichoangushwa, ni Anofelesi. Anayening'inia kichwa chini, akiwa ametoa mrija wa kupumulia juu, ni Kuleksi au Aedesi, na hapo chombo chenyewe kitakuambia ni yupi. Usimchanganye na kiluwiluwi cha chura, ambacho ni kichwa kikubwa chenye mkia. Jina moja, mambo mawili.

Kutoka hapo kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu unajua unamlenga nani. Vyombo visuguliwe kwa brashi mara moja kwa wiki. Ni kila wiki kwa sababu mzunguko wa yai hadi mbu haupungui sana chini ya siku saba. Ukisugua kila mwezi umewapa nafasi vizazi viwili. Tairi litobolewe chini au lijazwe udongo. Kidimbwi kifukiwe, na kile kisichofukika kitiwe dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, aina inayotengenezwa pia kwenye kiwanda cha Kibaha, ambayo vijidudu vyake huliwa na viluwiluwi na kuwaua tumboni bila kudhuru samaki. Oili chafu ya gari, inayopendwa sana gereji, iacheni: inachafua maji ya chini, inaua hata wale waliokuwa wanakusaidia kula viluwiluwi, na upepo ukivuma utando wake hupasuka na mbu hurudi.

Mfano mzuri wa kubadilisha makazi bila kumwinda mbu hata mmoja ulifanyika Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chenga za stairofomu, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya. Chenga zinaelea na kutanda kama blanketi. Jike hapati maji ya kutagia, na kiluwiluwi kilichomo hakipati pa kutolea mrija wake, kinakosa hewa. Wakati huo huo wananchi walipewa dawa za matende. Kijiji cha kulinganishia kilichopata dawa bila chenga, ugonjwa ulianza kurudi. Makunduchi uliendelea kushuka. Udhaifu wa mbinu hii uko wazi: choo kikifurika chenga zinaondoka na maji, na gari la kunyonya likija linazinyonya pia, kwa hiyo lazima ziwekwe upya.

Buibui hufuata sahani

Turudi kwenye zile nyasi. Fyeka kama unaogopa nyoka au kupe, ni sababu nzuri. Lakini ujue umebomoa nyumba ya nani: buibui.

Idadi ya buibui hupangwa zaidi na vitu viwili, chakula na muundo wa mahali. Buibui wa utando wa duara anahitaji nguzo za kufungia nyuzi zake, vijiti viwili au mabua yenye nafasi kati yake. Ukiyakata yote kwa urefu mmoja amekosa pa kusimamisha nyumba, hata nzi wawe wengi kiasi gani. Buibui wawindaji wa ardhini wanahitaji takataka za majani zenye ubaridi chini yake. Kwenye majaribio ya muda mrefu ya kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia nchini Kenya, ambako tangu 1995 sehemu za mbuga zimezungushiwa uzio wa kuchagua ni wanyama gani waingie, malisho ya ng'ombe yalipunguza majani na aina za buibui zikapungua nazo. Ng'ombe hali buibui. Ameondoa nguzo tu.

Ndani ya nyumba ni vivyo hivyo. Angalia taa ya kibarazani. Balbu nyeupe kali inavuta wadudu usiku kucha, na ndani ya wiki chache kila pembe ya dari iliyo karibu nayo ina utando, huku pembe za giza zikiwa tupu. Watu husema buibui wameletwa na uchafu. Wamefuata sahani iliyoandaliwa pale juu. Ukibomoa utando bila kugusa taa, buibui mwingine atajenga hapo hapo. Ukibadilisha balbu ukaweka ya manjano, wadudu hupungua na buibui huhama bila ugomvi. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria jambo hili linaonekana kwa kipimo kikubwa: vijinzi vya ziwani vinapopanda kama moshi, buibui husongamana na tando zao zikaungana kwenye vichaka na kuta.

Ziwa hilo hilo lina buibui mmoja ambaye angestahili kufundishwa shuleni. Anaitwa Evarcha culicivora, ana urefu wa kama milimita tano, hajengi utando wa kunasia bali huvizia na kuruka, na anapatikana maeneo ya ziwa upande wa Kenya na Uganda. Mtafiti Robert Jackson na wenzake, waliomchunguza Mbita nchini Kenya, walionyesha mwaka 2005 kwamba anachagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko mawindo mengine. Hawezi kutoboa ngozi ya mtu, hivyo damu anaipata kwa kumla aliyeinyonya. Makazi yake ni mashina ya miti, nyasi ndefu karibu na nyumba, na kuta za nyumba zenyewe. Asidhaniwe kuwa ataimaliza malaria, hatoshi kwa hilo. Lakini fyekeo na fagio vinamtoa yeye kabla ya kumtoa mbu.

Wapo wanaouliza kama buibui wa nyumbani hawana sumu. Karibu wote wanayo, ndiyo silaha yao, ila wengi meno yao hayafiki popote kwenye ngozi ya mtu na hawana sababu ya kukuuma. Buibui wa kumdhuru binadamu kweli ni wachache mno.

Mpunga wa Indonesia unaeleza vizuri zaidi nini hutokea mla na mliwa wakipigwa dawa pamoja. Wadudu wadogo wa kahawia wanaofyonza maji ya mpunga walikuwa wakizidi kadiri mashamba yalivyopuliziwa, mpaka mwaka 1986 serikali ya huko ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye zao hilo. Watafiti walikuta kwamba mwanzo wa msimu, kabla mdudu mharibifu hajaingia, shamba lenye samadi na mabua yaliyooza huwa limejaa vijinzi visivyo na madhara vinavyotoka topeni. Buibui hula hivyo, wanaongezeka, na mharibifu anapofika anawakuta wameshajipanga. Mkulima anayepulizia mapema, akidhani vile vijinzi ni adui, ameondoa chakula cha walinzi na walinzi wenyewe. Mharibifu huzaliana haraka kuliko buibui, hivyo hujaza shamba tupu kwanza. Kwa bustani ya mchicha au nyanya funzo ni dogo na la bei rahisi: tandaza nyasi kavu kati ya matuta, buibui watakuja wenyewe. Usizirundike tu hadi kwenye shina, maana shina huoza.

Nzi wa Nairobi naye aingie hapa kwa ufupi, kwa kuwa kila mvua kubwa, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, zinamrudisha kwenye mazungumzo. Si nzi, ni mbawakawa mwembamba mweusi na chungwa. Hang'ati wala hadungi. Sumu iko mwilini, na ngozi inaungua pale unapompondea shingoni. Makazi yake ni udongo wenye unyevu na majani yanayooza, ambako hula wadudu wengine, na ndani huingia kwa kufuata taa. Mpulize atoke, osha ngozi kwa maji na sabuni, zima taa ya karibu na dirisha.

Makazi yanapobadilisha tabia

Kwa nzige walioingia Kenya mwisho wa 2019, makazi yalifanya zaidi ya kuongeza idadi. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga kusini mwa Oman, na Oktoba kikafuata Luban. Mvua zake ziliingia jangwa la Rub al-Khali, zikaacha maji kati ya matuta ya mchanga mahali ambapo hapana watu. Nzige jike hutaga kwenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 10 hadi 15. Kwenye mchanga mkavu mayai hayaoti. Jangwa lilipolowa na kuota majani, vizazi vitatu vililelewa bila kuonekana.

Kisha majani yakaanza kukauka, na hili ndilo watu hawalijui. Nzige wa jangwani kwa kawaida ni mpweke, anawakwepa wenzake. Kijani kinapobaki vipande vipande, tunutu (nzige wachanga) wote hukusanyika kwenye vipande hivyo na kuanza kugusana. Miguso ya mfululizo kwenye mapaja ya miguu ya nyuma, kwa saa chache tu, humgeuza: anaanza kuwafuata wenzake, na watoto wake huzaliwa na rangi nyingine. Zamani wapweke na wa makundi walidhaniwa kuwa aina mbili tofauti, hadi mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha mwaka 1921, kwa nzige wahamaji, kuwa ni mdudu mmoja. Makundi ya jangwani yalivuka Yemen, yakaingia Pembe ya Afrika, na mwisho wa Desemba 2019 yakafika Kenya, uvamizi mbaya kuliko wote nchini humo kwa miaka 70. Waliosema nzige wameletwa na adhabu fulani walikosea nusu tu: waliletwa, ila na mvua iliyonyesha mbali, karibu miaka miwili nyuma.

Mjini, jambo la kuangalia sasa ni Anofelesi mgeni aitwaye stefensi, mwenye asili ya Asia ya kusini na Uarabuni. Alionekana Jibuti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na Kenya imeshamtangaza. Ni mbu wa malaria, lakini anazaliana kwenye vyombo vya maji kama Aedesi, kwa hiyo kule kudhani kwamba malaria ni ya vijijini kwenye madimbwi hakumhusu. Makazi yake ni simtanki. Mfuniko ukae sawa bila mwanya, usifungwe kwa kitambaa kinachobonyea hadi kugusa maji, na ule mdomo wa bomba la kumwagikia pembeni, ambao fundi huuacha wazi karibu kila mara, ufungwe wavu wa dirisha kwa waya. Wavu wa plastiki uliopigwa na jua hukatika, kwa hiyo ukaguliwe kila unapopanda kusafisha tanki.